Wanne wa Mstari wa Mbele

Yakobo alikutwa amekufa Jumatano asubuhi, chumbani kwake Butimba, kalala chali kwenye godoro lililolowa jasho. Jicho lake la kulia lilikuwa zima. La kushoto lilikuwa limevimba hata kope hazikutani, na mahali pa mboni palikuwa na weupe kama wa yai lililochemshwa. Usaha ulikuwa umemkaukia shavuni.

"Asidi," alisema mjumbe wa mtaa.

"Asidi," waliitikia majirani mlangoni, kwa sauti moja, kana kwamba walikuwa wamefanya mazoezi.

Inspekta Teodora Machibya alikuwa hata hajavaa glovu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika upelelezi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kufika penye maiti akakuta watu hawamjui muuaji. Siku zote wanamjua. Ushahidi tu ndio huwa haujapewa taarifa.

"Kamwagiwa na nani?"

"Ngosha!"

Ngosha alikuwa fundi wa kuchaji betri, kibanda chake, ambamo pia alilala, kikitazamana na dirisha la marehemu. Walikuwa wamekwisha mpasua kichwa, na wanaume wawili walikuwa wamemkalia mgongoni ili asikimbie. Inspekta aliwaondoa kwa kuwatazama tu.

"Wewe ulisema utammwagia Yakobo asidi?"

"Nilisema."

"Lini?"

"Kila siku, mayu," alijibu, akimwita mama kwa kilugha chake. "Mtu anaimba besi saa kumi na moja alfajiri, ukuta wenyewe wa tofali moja. Hata wewe ungesema."

"Ukammwagia?"

"Ningemmwagia angebaki na uso?"

Lilikuwa neno la kwanza la akili alilolisikia tangu asubuhi. Asidi ya betri inaunguza ngozi na kutoboa nguo. Ngozi ya Yakobo haikuwa na jeraha, na mto wake haukuwa na tundu hata moja. Inspekta alikuwa ameshaliona hilo. Lakini nje umati ulikuwa umeshika mawe, na umati wenye mawe hausomeshwi kemia.

"Nakukamata," alimwambia Ngosha kwa sauti ya chini. "Ndiyo njia pekee ya kukutoa hapa ukiwa mzima."

"Basi nikamate vizuri. Wasione unanihurumia."

Alimfunga pingu, akamsukuma ndani ya gari, na umati ukapiga vigelegele. Msaidizi wake, Sajenti Collins, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa simu, aliwasha gari akitikisa kichwa.

"Kesi imekwisha, afande?"

"Collins, endesha."

*

Dokta Akelo, daktari bingwa wa macho, aliitwa mochwari kulitazama lile jicho wakati wa uchunguzi wa maiti. Alikuwa mwanamke wa Mara, mwembamba, mwenye kusema maneno machache na kukasirika akilazimishwa kuyarudia.

"Hakuna asidi," alisema. "Asidi inaanza nje. Hili limeoza kuanzia ndani."

"Kitu kinaingiaje ndani bila kupita nje?"

"Kwa damu."

Inspekta alisubiri. Daktari alivuta pumzi, akaona hana budi.

"Bakteria wakiingia kwenye damu, wanakwenda kokote inakokwenda damu. Ini, figo, moyo. Mara chache wanatua ndani ya jicho, na wakitua humo wanazaliana haraka. Mgonjwa anapata homa, jicho linakuwa jekundu, anaona ukungu. Anakwenda dukani, anapewa dawa ya matone. Matone hayafiki huko ndani, yanaishia juu."

"Kwa hiyo Yakobo ameuawa na jicho?"

"Ameuawa na damu iliyochafuka. Jicho lilikuwa linatoa taarifa tu."

"Na bakteria waliingia wapi?"

Dokta Akelo aliufunua mkono wa kushoto wa maiti. Kwenye mkunjo wa kiwiko kulikuwa na alama mbili ndogo, zimezungukwa na wekundu uliogeuka zambarau.

"Sindano za mshipa. Za siku tano, sita hivi. Na sikiliza, Inspekta. Huko juu wodini nina msichana aliyeletwa jana, anaitwa Rose. Jicho la kulia, hali hiyohiyo. Mkono wa kushoto, alama mbili hizohizo."

"Atapona?"

"Yeye atapona. Jicho halitapona, kaja amechelewa. Ugonjwa huu ukianza, nina siku moja au mbili za kuliokoa jicho, baada ya hapo naokoa roho tu." Alivua glovu kwa hasira. "Wewe unamtafuta muuaji. Mimi simtaki. Kama kuna mtu wa tatu aliyechomwa kitu hicho, niletee leo. Kesho usiniletee, kesho nitakuwa sina la kumfanyia."

*

Rose alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na minne, na nusu ya uso wake ilikuwa ndani ya bandeji.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Hizo alama za mkononi ni za nini?"

"Mwiba."

"Mwiba umekuchoma mara mbili, mahali pamoja, kwenye mshipa?"

"Mungu anajua."

"Mungu anajua, Rose, ila mimi ndiye niliyetumwa. Nani kakuchoma sindano?"

Rose aliuvuta mkono ndani ya shuka.

"Unamfahamu Yakobo?"

"Tunaimba naye kwaya. Mimi soprano, yeye besi."

"Amefariki leo. Jicho lake lilikuwa kama lako."

Msichana alianza kulia kwa jicho moja lililobaki. Alilia sana, na Inspekta akamshika mkono akingoja, akiamini kwamba sasa atasema. Akasema.

"Naomba usiniulize tena, afande. Niliapa."

"Uliapa kwa nani?"

"Nikikujibu hilo, si nitakuwa nimevunja kiapo?"

Inspekta Machibya alitoka wodini, akasimama koridoni, akaanza kuhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Alifika saba, ikambidi aanze upya.

*

Kwaya ilikuwa na waimbaji arobaini. Mchana ule walikuwa kanisani kwao, jengo la mabati lililo juu kidogo ya barabara, wakijiandaa na nyimbo za msiba. Mwalimu wao, Nathaniel, alikuja kuwapokea polisi mlangoni. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mrefu, shati limefungwa hadi kifungo cha mwisho, na miwani myeusi usoni.

"Bwana asifiwe."

"Amina. Mwalimu, humu ndani kuna jua?"

"Macho yananisumbua kidogo. Jumamosi tulirekodi video kwenye mawe kule ziwani, jua lilikuwa kali."

Inspekta aliwauliza waimbaji mmoja mmoja, Collins akiandika. Baada ya nusu saa Collins aliacha kuandika, maana jibu lilikuwa moja.

"Wiki iliyopita ulikula nini na wenzako?"

"Hatukula. Tulifunga kavu."

"Ulikunywa nini?"

"Hatukunywa. Kavu ni kavu, afande."

Walikuwa wamefunga siku tatu, Jumatano hadi Ijumaa, bila chakula wala maji, ili Jumamosi waimbe wakiwa wametakasika. Mwalimu Nathaniel alikuwa amelitangaza mbele ya kanisa zima wiki mbili kabla. Kila mtu alilisimulia jambo hilo kwa fahari, na Inspekta hakuwa na ugomvi nalo. Mama yake mwenyewe alikuwa mfungaji hodari. Ugomvi wake ulikuwa na swali lililofuata, alilowauliza wote kwa pamoja.

"Katika siku hizo kuna mtu alichomwa sindano?"

Kwaya nzima ilitazama dari.

"Kuna mtu humu anajua kuchoma sindano?"

Hapo walifanya kosa. Walitazama madirisha, ngoma, viatu vyao. Walitazama kila mahali isipokuwa mwisho wa benchi la tatu, alipokaa mwanamke mmoja wa makamo mwenye kitambaa cha bluu kichwani. Watu hawakwepi kumtazama mtu namna ile kama hakuna sababu.

"Wewe mama. Jina lako?"

"Tereza."

"Kazi?"

"Mhudumu. Kwenye zahanati ya mtu binafsi."

"Unachoma sindano?"

"Nafunga vidonda."

"Nimekuuliza sindano."

"Nimekujibu vidonda."

Inspekta alitoka nje kupata hewa, maana alijua akibaki atasema neno lisilofaa kanisani. Collins alimfuata, simu mkononi.

"Afande, kuna mmoja wao ameweka kipande cha video ya Jumamosi mtandaoni. Mwanamke wangu kanitumia."

Walisimama kivulini wakatazama. Nyuma kulikuwa na ziwa na mawe makubwa, mbele watu arobaini wenye majoho ya zambarau. Waliimba vizuri. Lakini wengi wao walikuwa wamelegea kama nguo zilizolowekwa, midomo imekauka, wakipiga hatua nusunusu. Tereza alionekana mstari wa tatu akiwa ameshikwa kiwiko na jirani yake asianguke.

"Rudisha mwanzo," alisema Inspekta.

Collins akarudisha.

"Sasa tazama mstari wa mbele tu. Unaona nini?"

"Wanaruka, afande."

"Wangapi?"

"Yakobo. Rose. Mwalimu mwenyewe. Na huyu dada mwenye sauti ya pili."

"Siku tatu hawajala wala kunywa, wanaruka kama ndama. Wenzao wanakaribia kuzimia. Collins, hawa wanne wamekula nini?"

"Wamesema hawakula, afande."

"Nami naanza kuwaamini. Simamisha hapo." 

Nathaniel alikuwa ameinua mikono juu kuongoza wimbo. Mikono ya joho ilikuwa imemteremkia, na kwenye mkunjo wa kiwiko cha kushoto kulionekana kipande cheupe cha plasta.

"Huyu dada wa sauti ya pili ni nani?" aliuliza Inspekta. "Simkumbuki humo ndani."

Collins alikwenda kuuliza, akarudi.

"Anaitwa Favour. Mke wa Mwalimu. Wanasema amesafiri."

*

Chumba cha majoho kilikuwa nyuma ya madhabahu. Kilikuwa na joto la bati la mchana, bomba la chuma lililotundikiwa majoho, meza, na mtungi mkubwa wa maji ya kunywa wenye kata juu yake. Kwenye lile bomba, kati ya majoho, Collins aliona vitanzi vinne vya plasta nyeupe, vimefungwa kwa mpangilio, kila kimoja mbali kidogo na mwenzake. Inspekta alivihesabu mara mbili.

Akafunua mtungi. Maji yalikuwa na utando mwembamba juu. Aliagiza chupa safi, akachukua sampuli, kisha akauinamisha mtungi taratibu. Chini kabisa, kwenye matope kidogo ya maji ya ziwa, kulikuwa na kifuniko kidogo cha plastiki cha chupa ya dripu.

"Mleteni Tereza."

Tereza aliingia akaviona vitanzi, akaona mtungi umeinama. Akakaa chini bila kuambiwa.

"Sitasema," alisema. "Niliapa kwa Biblia."

"Basi sikiliza, niseme mimi. Yakobo amekufa kwa bakteria walioingizwa kwenye mshipa wa mkono. Rose amepoteza jicho kwa bakteria hao hao."

"Jicho?" Tereza alikunja uso. "Sindano ni ya mkononi. Jicho linaingiaje hapo?"

"Damu ya mkononi inakwenda wapi, mama? Inabaki mkononi?"

Mhudumu wa zahanati aliutazama mkono wake mwenyewe. Ilionekana wazi kwamba hakuwa amewahi kujiuliza. Kisha uso wake ukabadilika, akaanza kujitetea haraka.

"Kila mtu alikuwa na sindano yake mpya! Kila mtu na chupa yake! Mimi si mjinga, afande, najua ukimwi. Chupa nne, sindano nane, zote nimezifungua mwenyewe kwenye karatasi!"

"Sindano nane. Kwa hiyo mara mbili."

"Alhamisi nusu, Ijumaa nusu."

"Na ile nusu iliyobaki Alhamisi ililala wapi?"

Tereza alitazama mtungi.

"Chupa imeandikwa ihifadhiwe pasipo na joto," alisema kwa sauti ndogo. "Humu ndani ni tanuri, na friji hatuna. Nikazisimamisha kwenye maji, yakafika shingoni."

"Chupa zilizokwisha tobolewa."

"Nilitoboa kitundu cha hewa tu, kwenye kitako, ili dripu ishuke."

Inspekta aliugeukia mtungi. Siku za kawaida watu arobaini waliumaliza mtungi ule kila jioni na kuuosha. Siku zile tatu hakuna aliyekunywa hata kata moja, na baada ya kurekodi kwaya ilipumzika hadi msiba huu. Maji yaliyochotwa ziwani wakati mabomba yamekatika yalikaa humo, kwenye joto, yakiharibika polepole, na ndani yake zikasimama chupa nne za maji ya sukari zenye matundu. Kila mtu alikuwa ametii. Walitii mfungo, na huyu akatii hata maandishi ya chupa. Hasira ya Inspekta ilikosa pa kukaa.

"Nitajie hao wanne."

"Niliapa kutotaja majina."

"Mama Tereza, kuna watu wanapofuka!"

"Niliapa kwa Biblia, afande."

Inspekta alivuta kiti, akakaa uso kwa uso naye.

"Uliapa kutotaja. Kichwa je, kiliapa kutotikisika?"

Tereza alifikiri kwa makini sana.

"Kichwa hakikutajwa."

"Yakobo?"

Kichwa kikatikisika kukubali.

"Rose? Mwalimu Nathaniel? Favour mkewe?"

Kikatikisika mara tatu, na machozi yakamdondokea Tereza kwenye mapaja.

*

Nathaniel alikuwa bado kanisani, akiwasahihisha sauti ya tatu. Inspekta alimwita pembeni kwenye benchi la wazee, akamsomea onyo kama sheria inavyotaka: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani.

"Vua miwani, Mwalimu."

"Nimekwambia ni jua."

"Vua."

Akavua. Jicho la kulia lilikuwa jekundu, linatoa machozi, kope limeanza kuvimba.

"Unaona vizuri?"

"Naona."

"Vidole vingapi?"

"Inspekta, tuna msiba. Heshimu mahali hapa."

"Vinne. Kama chupa. Nani alizinunua?"

Mwalimu aliikunja miwani. Alikaa wima, mikono magotini, sura ya mtu anayeonewa kwa ajili ya imani. Inspekta aliwahi kuhoji majambazi waliolainika kwa chai moja ya moto. Huyu hangelainika kwa jicho lake mwenyewe. Alikuwa tayari kulitoa.

"Mkeo yuko wapi?"

"Amekwenda kwao Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kuwasalimu wazazi."

"Lini?"

"Jumatatu."

"Aliondoka akiwa mzima?"

"Alikuwa na homa kidogo. Malaria."

"Na macho?"

Nathaniel aliinua miwani kuivaa tena.

"Mwalimu, tazama huku. Wewe ulidhani mmepatwa na ugonjwa wa macho mekundu, wa kuambukizana, utapita. Sivyo. Ni ile dripu. Ilichafukia mtungini, ikapita mkononi, ikaingia kwenye damu, na damu ikaupeleka uchafu machoni. Yakobo hakufa kwa asidi. Amekufa kwa chupa uliyomnunulia wewe. Favour alipewa chupa kama hiyo. Daktari anasema akimpata leo huenda akaliwahi jicho. Kesho atakuwa anapigania roho. Sasa endelea kunyamaza."

Mabega ya Nathaniel yalishuka.

"Alisema Jumapili usiku haoni vizuri upande wa kushoto," alisema. "Nikamwambia aende kwao apumzike."

"Kwa nini asiende hospitali?"

"Wangemuuliza kama amechomwa sindano."

Inspekta aliinuka, akakaa tena.

"Eleza yote."

Akaeleza. Mwaka uliopita walirekodi video baada ya mfungo kama huo, na katikati ya wimbo watu wawili walianguka, mmoja wao yeye mwenyewe. Kipande hicho kilivuja. Kwaya za jiji zima zilikitazama, zikampa jina, Mwalimu Magoti. Watoto wa shuleni anakofundisha walikuwa wakimpigia magoti kwa mzaha akipita. Mwaka huu aliapa halitatokea. Aliwachagua wanne wa mstari wa mbele, ambao kamera ingewamulika, akanunua chupa duka la dawa, akamtafuta Tereza.

"Nao wakakubali?"

"Rose aliogopa. Nikamwambia dripu haipiti mdomoni, kwa hiyo haivunji mfungo. Akaridhika. Tereza alikataa kuwekewa ya kwake. Alisema yeye atafunga kweli."

"Kisha ukawaapisha."

"Kanisa lingejua, ingekuwa aibu kwa huduma nzima."

"Mwalimu, nieleweshe. Ulijua watu hawawezi kuimba baada ya siku tatu kavu. Ulijua, maana ulianguka mwenyewe. Kwa nini hukuwaambia wale chakula? Wafunge siku moja, au wafunge na wanywe maji, Mungu angekasirika?"

Nathaniel alimtazama kama mtu aliyeulizwa kitu kilicho wazi.

"Nilikuwa nimeshatangaza," alisema.

Collins aliacha kuandika. Inspekta aliona hasira ikimpanda, hasira ya kweli, ya machozi, na alimchukia mtu yule kwa dakika nzima bila kujificha. Kisha akamwambia atoe simu yake.

"Mpigie. Weka sauti kubwa."

Simu iliita mara nyingi kabla haijapokelewa.

"Mwalimu?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, dhaifu, iliyokauka.

"Favour. Macho vipi?"

"La kushoto limekwisha. La kulia limeanza ukungu leo asubuhi. Namwomba Mungu."

Nathaniel alifunika uso kwa kiganja, kisha akarudia maneno aliyonong'onezwa na Inspekta.

"Favour, polisi wa kituo cha hapo wanakuja kukuchukua. Watakuvusha kwa kivuko, kuna daktari anakungoja huku. Mwambie kila kitu."

Favour alishusha sauti.

"Hata dripu?"

"Hata dripu."

"Nimekaa hapa siku tatu," alisema Favour polepole, "nangoja uniambie hivyo."

*

Favour alivuka ziwa jua likiwa bado juu. Dokta Akelo alimpokea mlangoni mwenyewe na kumpeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji, akamchoma dawa ndani ya jicho, nyingine akaipitisha kwenye mshipa. Nathaniel alitibiwa baada yake, akilindwa na askari. Jicho lake lilipona kabisa, kwa kuwa kwake ugonjwa ulikuwa umechelewa kuanza. Favour lile la kushoto liliondolewa. La kulia lilibaki, ila daktari hakuahidi litaona kiasi gani.

Maabara ilichukua siku kadhaa. Majibu yalipokuja, bakteria wa mtungini, wa damu ya Yakobo na wa jicho la Rose walikuwa wa aina moja. Nathaniel na Tereza walifikishwa mahakamani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Tereza alikiri kila neno kwa mdomo, baada ya kumwomba mchungaji amfungulie kiapo. Ngosha aliachiwa akiwa na nyuzi sita kichwani, na majirani wale wale waliomkalia mgongoni walimletea betri zao kuchaji kana kwamba hakuna lililotokea.

Kilichobaki kilikuwa maelezo ya Favour. Inspekta Machibya aliyaandika wodini, siku ya kumi na mbili. Mwanamke alikaa kitandani, bandeji upande mmoja, akijibu kwa utulivu uliomchosha Inspekta kuliko ukaidi wa wote waliomtangulia.

"Kule kwenu hakuna aliyeiona hali yako?"

"Kuna nesi jirani yetu. Alikuja Jumatatu ileile. Aliniuliza kama nimechomwa sindano au kuwekewa dripu siku za karibuni. Alisema kama ni hivyo niwahi hospitali, nisilale."

"Ukamjibu?"

"Nikasema hapana."

"Jumatatu hiyo jicho la kulia lilikuwa zima?"

"Yote mawili nilikuwa naonea. La kushoto kwa ukungu."

"Mbona hukumwambia, Favour?"

Favour alifikiri. Hakuwa akitafuta udhuru, alitaka kujibu sawasawa.

"Mwalimu alikuwa hajaniruhusu."

Inspekta aliandika jibu hilo kama lilivyosemwa. Alimsomea maelezo yote tangu mwanzo, akampa kalamu. Favour aliinamisha uso hadi pua ikakaribia kugusa karatasi, akaisogeza kalamu kushoto, kisha kulia.

"Sahihi naweka wapi, afande?"

Inspekta Teodora Machibya alikishika kidole cha Favour, akakiweka kwenye mstari.